Nimeitwa Ufaransa kukarabati ngome, na paa la kwetu linavuja

BARUA

Shikamoo Bibi,

Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. Nina stashahada ya ujenzi, na kwa miaka minne sasa nafanya kazi na mafundi wanaokarabati nyumba za mawe. Aliyenishikisha mwiko ni mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ana miaka 71 na bado anapanda jukwaani.

Mwaka juzi tulikuwa kwenye nyumba ya ghorofa mbili ambayo ukuta wake wa chini ulikuwa na unyevu. Msimamizi akaamuru ipigwe lipu ya saruji, kwa sababu chokaa inachelewesha kazi. Mjomba alikataa, akakusanya vyombo vyake akaondoka. Mimi nilibaki kwa kuwa nilihitaji ujira. Baada ya masika mbili ile lipu ukiigonga inalia kama debe tupu. Kisha ikaanza kubanduka vipande vikubwa kama sahani, na nyuma yake jiwe la matumbawe limegeuka unga. Ukipitisha kidole linamwagika. Siku tunapiga ile lipu nilijua tunakosea, ila sikuwa na maneno ya kumweleza msimamizi kwa nini. Mjomba anajua kwa mikono. Ukimuuliza sababu anasema, "Ndivyo inavyofanywa," na mbele ya wahandisi jibu hilo halisimami.

Tangu hapo nikawa natafuta pahala pa kujifunza. Nimekubaliwa kwenye kambi ya kujitolea kusini mwa Ufaransa, wiki tatu za mwezi wa Julai. Ni chama kidogo cha kijijini kinachokarabati ukuta na mnara wa ngome ya kale iliyobaki magofu juu ya kilima. Kazi ni ya chokaa, na yuko fundi mwashi anayefundisha. Barua ya mwaliko wameshaniletea. Mshahara hakuna, na mimi ndiye ninayelipa yuro 300 za chakula, malazi na bima ya kambini.

Nimeweka akiba shilingi 6,800,000 kwa miaka mitatu. Tiketi ya kwenda na kurudi nimeambiwa ni kama 3,400,000. Viza na bima ya safari nimekadiria 400,000, kambi 900,000, nauli za ndani, viatu na matumizi 600,000. Jumla 5,300,000. Pesa hizo hizo ndizo mama alizokuwa akizitegemea kwa paa la nyumba yetu. Masika iliyopita tulilala na ndoo tatu chumbani, na boriti mbili zimeanza kulegea kwenye ukuta wa nyuma. Fundi ametukadiria 5,500,000 kwa mabati yote na boriti tisa. Sasa ni Januari, masika haiko mbali.

Mama anasema hajapata kusikia mtu analipa nauli na chakula ili akabebe mawe ya watu. Mjomba nilipomwambia aliendelea kuchekecha mchanga wake. Baadaye sana akasema, "Chokaa ya kwetu haikutoshi?" Hajalitaja tena jambo hilo, na tangu siku hiyo hanipi kazi ya kuchanganya. Ananituma maji tu.

Kuna na mtu aliyejitokeza kusema kwamba kwa 1,200,000 atanihakikishia viza. Na rafiki yangu wa skuli anayeishi Ulaya ananiambia nikishafika nisirudi, kambi iwe mlango tu.

Sitaki kumvunja moyo mjomba wala kumlaza mama chini ya maji. Lakini pia sitaki kuzeeka nikipiga saruji juu ya mawe ninayojua itayaua. Nifanyeje?

Mwenye Mwiko, Mji Mkongwe

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilisimama pale kwenye lipu iliyobanduka kama sahani. Nadhani barua yote imetokea hapo. Umeandika kuhusu Ufaransa, paa, mama na mjomba, lakini kinachokuuma ni kwamba siku moja ulilijua jambo la kweli na ukakosa maneno ya kulitetea. Sasa unajiuliza kama maneno hayo yanapatikana kwenye kilima cha mbali kwa 5,300,000, wakati pesa hizo zina mwenyewe anayezisubiri nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyokuelewa. Kama nimekosea, nisahihishe.

Niruhusu nianze na hilo la "kwa nini", maana sehemu yake naweza kukupa hapa hapa bila viza.

Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Maji hupanda ndani yake kutoka ardhini kama mafuta yanavyopanda utambi, na kwa vile tuko kando ya bahari, maji hayo hubeba chumvi. Ukuta wenye lipu ya chokaa huyaachia yatoke. Unyevu hupita kwenye lipu, hukaukia usoni, na chumvi huishia hapo kama ungaunga mweupe. Lipu huchakaa taratibu, na baada ya miaka inapigwa nyingine. Ndiyo kazi yake, inaharibika yenyewe ili jiwe lisalimike. Lipu ya saruji hufunga njia hiyo. Maji hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi hukaukia nyuma ya lipu, ndani ya vitundu vya jiwe. Chembe zake zikikua hazina nafasi, kwa hiyo hulipasua jiwe kutoka ndani. Ule unga uliomwagika kidoleni mwako ndio huo. Saruji kuwa ngumu kuliko jiwe ilikuwa sehemu ya tatizo lenyewe.

Na msimamizi wako alikuwa na neno moja la kweli, usimnyime. Chokaa kweli inachelewa. Hukauka kwanza, kisha hugeuka jiwe pole pole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na huivuta vizuri ikiwa na unyevu kidogo. Ukipiga tabaka nene, ndani hubaki laini kwa miezi, kwa hiyo tabaka lisizidi kama milimita 10, na la pili lisubiri la kwanza lishike. Ukipiga juani bila kulowesha ukuta kwanza na bila kuning'iniza magunia mabichi kwa siku kadhaa, maji hukimbia kabla chokaa haijashika, na unabaki na vumbi. Hapo watu husema chokaa haifai. Na ukichukua chokaa iliyotolewa tanuruni jana, ikazimwa kwa haraka na kuchanganywa leo, chembe ambazo hazijapata maji zitavimba zikiwa tayari ukutani na kufyatua vishimo. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliiacha ilale shimoni chini ya maji miezi mitatu na zaidi, kisha wakachanganya ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio na chumvi.

Sasa soma tena hayo niliyoandika. Ni mangapi mjomba wako huyafanya kila siku bila kuyataja? Umesema anajua kwa mikono na hana sababu za kutoa. Je, umewahi kumuuliza kwa namna nyingine? "Kwa nini" ni swali la darasani, na mtu aliyejifunza kwa kutazama hulisikia kama anajaribiwa. Muulize, "Nikiacha magunia, itaharibika vipi?" au "Mchanga huu umeukataa, ule umeukubali, umeona nini?" Huenda ukakuta sababu zilikuwapo muda wote, zimekaa ndani ya makosa aliyowahi kuyaona. Kaa naye na daftari na simu ya kurekodi, andika ndoo ngapi, siku ngapi, rangi gani, mwiko unatoka vipi. Miaka 71 ni umri wa kuanza kuandika leo.

Hii haina maana kwamba kambi haina cha kukupa. Ila ni vizuri ujue inatoa nini, ili usiende kutafuta kisichokuwapo.

Kusini mwa Ufaransa utakuta chokaa iliyofungwa kwenye mifuko, imeandikwa NHL 2, NHL 3.5 au NHL 5. Hiyo ni chokaa iliyochomwa kutokana na jiwe lenye udongo ndani yake, na huanza kushika kwa maji hata kabla hewa haijaifikia. Namba ni kipimo cha ugumu wake baada ya siku 28. Si chokaa ya shimo la mjomba. Jiwe lao nalo kwa kawaida ni gumu kuliko matumbawe yetu. Adui wao mkubwa ni baridi, maana chini ya nyuzi joto 5 chokaa haishiki, na maji yakiganda kuwa barafu ndani ya kiungo hukitupa nje. Ndiyo sababu kambi nyingi ni za kiangazi. Adui zako wewe ni jua la mchana na chumvi. Ukirudi na vipimo vya mchanganyiko wao ukavitumia Mji Mkongwe kama vilivyo, unaweza kurudia kosa lile lile la saruji kwa jina zuri zaidi.

Kinachosafiri vizuri ni namna ya kuikabili kazi. Kambi yenye msimamizi mzuri inakufundisha kupiga picha na kuchora ukuta kabla hujaugusa, kuyapa mawe namba kabla ya kuyashusha, kuchukua kipande cha chokaa ya zamani na kukichunguza mchanga wake, na kuandika kila siku kilichofanyika na kwa kipimo gani. Inakufundisha pia kukataa. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wengi huuegemea, unasema ukarabati usimame pale kukisia kunapoanza. Kama hujui ukingo wa mnara ulikuwaje, huujengi. Mhandisi anayekudharau ukimwambia "ndivyo inavyofanywa" atapata shida kulidharau daftari lenye picha, tarehe na vipimo.

Nikuonyeshe kazi yenyewe kwa karibu, ili picha ya kichwani ilingane na ilivyo. Siku za kwanza utakata magugu na mimea inayotambaa ukutani. Mmea mkubwa haung'olewi, kwa sababu mizizi yake imekumbatia mawe na ukiuvuta unashuka na ukuta. Hukatwa shina karibu na chini ukaachwa ufe, ndipo uondolewe kidogo kidogo. Mitini iliyoota kwenye magofu ya Kilwa na Gedi inadai subira hiyo hiyo. Halafu unakwangua viungo vya mawe kwa tindo na nyundo ndogo hadi kina cha kama mara mbili ya upana wake, unatoa vumbi, unalowesha, unashindilia chokaa kwa mwiko mwembamba, na ikishaanza kukaza unaigonga kwa brashi ngumu ili uso ubaki wazi na kupumua. Mtu mgeni hufanya eneo dogo sana kwa siku. Huko katikati utabeba mawe na maji, na wiki tatu zitaisha ukiwa umegusa mita chache za ukuta. Ni mafunzo mazuri ya jicho, ila hayatoshi kumfanya mtu fundi, na cheti cha kuhudhuria kambi si cheti cha ufundi. Kama tegemeo lako ni kwamba karatasi hiyo itamnyamazisha msimamizi, nakuomba ulipime tena.

Kwa hiyo kabla hujalipa, waandikie wale watu wa kijijini uwaulize mambo ya kweli. Fundi mwashi yuko kazini kila siku au anakuja mara moja kwa wiki? Anasimamia watu wangapi? Wakikuambia watu 25 kwa fundi mmoja, utajifunza zaidi kubeba. Chokaa gani inatumika, na nani aliamua? Mwaka huu ni ukuta au ni kusafisha njia? Kazi ni saa ngapi kwa siku, na lugha ya maelezo ni ipi? Je, magofu hayo yanalindwa kisheria, na kuna kibali? Kikundi kinachokarabati jengo la kale bila kibali kinaweza kuwa kinafanya kule kosa lile lile unalolikimbia huku. Uliza pia kama wamo kwenye muungano wowote. Upo kwa mfano Rempart, muungano wa vyama vya aina hii nchini Ufaransa ulioanza 1966, na UNESCO nayo tangu 2008 ina mpango wa kambi za vijana wa kujitolea kwenye maeneo ya Urithi wa Dunia. Kutokuwamo si dhambi, ila wakiwamo unapata wa kumuuliza habari zao.

Waulize na ya maisha. Kambi nyingi watu hulala kwenye mahema na kupika kwa zamu. Wanawake wana mahali pao? Unaweza kula bila nguruwe na pombe kwenye chungu kimoja na wengine? Sema mapema, maana wapishi wa zamu hununua chakula cha kundi zima. Julai kule jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo isha itakuja umechoka na kesho kuna kazi asubuhi. Chanja pepopunda kabla ya safari. Peleka viatu vya ngozi vyenye ncha ngumu, na miwani ya kukinga macho usiivue unapochanganya. Chokaa ikiingia jichoni, ni maji safi mengi papo hapo kwa robo saa au zaidi, kisha hospitali.

Tuje kwenye pesa. Ukimwondoa yule mtu wa 1,200,000, hesabu yako inabadilika sana. Pamoja naye unabaki na 300,000. Bila yeye unabaki na 1,500,000. Na sioni anachouza. Uamuzi wa viza ni wa serikali husika na hakuna mtu wa nje anayeweza kuuhakikisha. Akikuongezea nyaraka za uongo ili "zikae vizuri", jina litakalochafuka ni lako. Wewe tayari una mwaliko. Hakikisha tu umeuthibitisha kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, na malipo yaende kwenye akaunti ya chama, si kwa simu ya mtu.

Viza ya muda mfupi huombwa mapema kabisa miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida huchukua siku 15, na yanaweza kufika 45. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Alama za vidole hutolewa ana kwa ana, kwa hiyo weka nauli ya boti ya kwenda Dar es Salaam na siku za kukosa kazi. Sema wazi kwamba unakwenda kambi ya kujitolea, ambatisha mwaliko wenye tarehe, na onyesha kinachokurudisha: barua ya kazini, akiba, familia. Tiketi ya 3,400,000 usiilipie kwa namna isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Chama nacho kiulize, ukinyimwa viza, zile yuro 300 zinarudi?

Ukiitazama kalenda, kuna kitu pengine hukukiona kwa sababu ya uchungu. Paa linadai pesa kabla ya Machi. Tiketi inadai pesa viza ikishatoka, labda Mei au Juni. Ni pesa zile zile, lakini hazidaiwi siku moja, kwa hiyo si lazima uamue yote leo.

Na hiyo 5,500,000 ya paa, umeiona imegawanywa? Mkadiriaji akisema "mabati yote na boriti tisa", nami nasikia wewe umetaja boriti mbili zilizolegea. Huenda zile saba zimeoza pia, na huenda amezihesabu kwa tahadhari. Panda darini na tochi na bisibisi. Boriti ya mkoko huoza kwanza kwenye kichwa kilichozama ukutani, kwa hiyo chokonoa pale inapoingia. Bisibisi ikiingia kwa urahisi, imekwisha. Ikigoma na mti ukalia mkavu, inaweza kuwa na miaka mbele yake. Kisha tazama mfereji wa nyuma. Ukuta mmoja kulegeza boriti mbili mara nyingi ni kazi ya maji yanayomwagika pahala pamoja, kwa mfereji ulioziba majani au bati lililotoboka msumarini. Mvua ya kwanza ikipiga, weka alama za chaki penye matone. Ukijua hayo, mwombe fundi wa pili akupe bei tatu tofauti: ya kuzuia maji tu, ya boriti zilizokufa, na ya paa zima.

Hatari ya kugawa hivyo nikuambie pia. Ukiziba maji ukaacha boriti mbovu, lazima zikingwe chini kwa miti imara, na chumba hicho asilale mtu. Beit el-Ajaib, lile jumba la huko kwenu Mji Mkongwe lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu Disemba 2020, na watu wawili wakafa. Jengo la kale linaweza kusimama miaka na ufa halafu likaamua siku moja. Kama ukikagua ukakuta boriti sita zimeoza, mazungumzo yanabadilika, na hapo kambi ya mwaka ujao ni jambo la kuliuliza. Vyama vya aina hii mara nyingi hurudi kwenye ukuta ule ule kiangazi baada ya kiangazi. Lakini kusubiri nako kuna gharama. Akiba ina tabia ya kupata matundu mengine, na mwaliko wa mwaka huu si ahadi ya mwakani.

Kama safari haitawezekana, kuna njia za karibu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini 2004 yakatolewa 2014, baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta. Lamu ina mafundi wa chokaa na boriti kama sisi. Hata Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, ngome ya Bahla ya matofali ya udongo ilikaa kwenye orodha hiyo tangu 1988 hadi 2004. Maarifa ya kukarabati kwenye joto na chumvi yako zaidi upande huu wa dunia. Siku moja pengine utapenda kujiuliza kwa nini tuliyafikiria ya Ufaransa kwanza, na sikulaumu, maana wao waliweka mwaliko wazi.

Kuhusu rafiki yako, nitasema machache. Sioni popote kwenye barua yako kwamba unataka kuhama. Ukizidisha muda wa viza, unajifungia milango ya kurudi kihalali, na unawaachia wale wanakijiji mzigo siku watakapomwalika kijana mwingine wa kwetu. Kama kuhama ni jambo unalolitamani kweli, lina njia zake, na tutalizungumza peke yake.

Mama amesema hajapata kusikia mtu analipa ili akabebe mawe ya watu. Msomee hesabu. Yuro 300 kwa wiki tatu ni kama yuro 14 kwa siku, zinazolipa chakula, kitanda na bima. Unachouza ni nguvu yako, unachonunua ni kufundishwa. Anaweza bado asikubali, na ana haki, kwa sababu yeye ndiye aliyelala na ndoo tatu. Sidhani anapinga kambi. Nadhani anaogopa mvua, na akiona umepanda darini kabla hujataja safari, atakusikiliza kwa sikio jingine.

Mjomba ndiye ninayemfikiria zaidi. Aliondoka kazini kwa ajili ya chokaa, wewe ukabaki. Sikulaumu, ujira ni ujira. Lakini je, mlishawahi kulizungumza? Aliposikia unakwenda kwa wengine kujifunza chokaa, inawezekana alisikia kwamba umemwacha mara ya pili. Na hakukukataza. Alikuuliza swali, na swali lake bado halijajibiwa. Labda jibu lako ni, "Inanitosha, ila sina maneno ya kuitetea." Sijui kama atalipokea. Najua kwamba kukutuma maji badala ya kuchanganya ni maneno ya mtu aliyeumia na hana maneno mengine.

Wale wa kijijini bila shaka wamekutumia picha za ukuta wa ngome. Mpelekee mjomba jioni akiwa ameshakunywa kahawa. Usimuulize kama uende. Mwonyeshe palipobomoka, halafu muulize, "Mjomba, huu ungekuwa wako, ungeanzia wapi?"